Hapa Hakuna Mgonjwa

Mwaka ule Murielle alisema uongo mmoja tu, na aliusema kwa imani. Uongo wa tamaa humbabaisha msemaji, lakini wake ulitoka umenyooka, mbele ya dada wa kanisani, ukaandikwa kwa kalamu kwenye fomu. Waswahili husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Murielle alizaliwa Lubumbashi, na nadhani methali za pwani zilikosa visa ya kumfikia.

Alikuwa fundi cherehani wa Rosettenville, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, na kama hujawahi kushonewa naye basi hujui kitenge kinavyoweza kumnyanyua mwanamke. Kwaya tatu za Wakongo zilivaa kazi ya mkono wake. Wateja wapya walimwogopa kidogo, maana alikupima kiuno huku anakuambia ukweli kuhusu kiuno chenyewe. Watu walimwita Mama Chloé, kwa jina la binti yake aliyeolewa Cape Town, na mumewe Thierry wakamwita Papa Chloé. Walipanga vyumba viwili na sebule nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mreno. Upande wa pili wa ukuta aliishi Burhani, Mrundi muuza viatu vya mitumba, Mwislamu mwenye gari bovu na moyo mzima.

Thierry alikuwa amekata mawe kwa miaka tisa. Si mawe ya migodini. Ni yale ya meza za jikoni, meusi yanayong'aa, ambayo matajiri wa kaskazini mwa jiji hukatia nyanya juu yake. Karakana ilijaa vumbi jeupe na barakoa hazikuwepo. Alipofika miaka hamsini na mbili, ngazi tatu zilitosha kumkalisha chini. Hospitali ikawapa mashine ya oksijeni, kubwa kama sanduku la safari, yenye mrija wa kuingiza puani, pamoja na mtungi mdogo wa akiba kwa siku ambayo umeme ungekatika. Daktari alimweleza Murielle kwamba mashine isingemponya mumewe, ingemvusha tu siku hadi siku. Murielle alimshukuru daktari, akatoka nje, akalia kwenye kituo cha teksi mpaka watu wa foleni wakampisha apande kwanza.

Kanisa lao lilikuwa katikati ya jiji, orofa ya nne ya jengo la ofisi za zamani, juu ya maduka ya jumla, na lifti ilikufa kabla wao hawajaingia nchini. Jumapili moja ya Machi Thierry alizipanda ngazi zote kwa miguu yake. Alipumzika kila orofa, alifika ibada ikiwa nusu, midomo imepauka, lakini alifika. Murielle alipomwona mlangoni, furaha ilimpanda kichwani. Alimpokonya kiongozi wa kwaya maikrofoni, akapaza sauti kwamba mume wake amepona. Watu walilia, wakaruka, wakamnyanyua Thierry pamoja na kiti chake. Mchungaji wao, Pasta Jacques, akatangaza kwamba nyumba ya Mama Chloé ni nyumba ya ushuhuda, na kwamba maombi ya kila Jumatano yangefanyika huko.

Jioni hiyo, nyumbani, Thierry alijirudishia mrija puani na kukaa kitambo kabla ya kupata pumzi ya kusemea.

"Umewaambia nimepona," alisema. "Sasa nikikohoa, nitakuwa namukosea nani?"

"Usikiri ugonjwa, Papa Chloé. Kinywa kinaumba."

"Na kifua?"

Murielle aliinama kuunyoosha mrija. Walikuwa wamehubiriwa miaka mingi kwamba ukiutamka ugonjwa umeuita, na ukiutamka uzima umeuvuta. Mimi sicheki imani ya mtu. Aliamini kwa moyo wake wote, na alimpenda yule mwanamume kwa moyo huohuo, na hapo ndipo hatari ilipokaa.

Mwezi wa Aprili akaja Sonia. Huyu alikuwa Mrundi pia, msusi mwenye saluni kwenye barabara kuu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, na mwaka huo alikuwa amepata kazi ya pili. Alizunguka kuandikisha nyumba zenye betri kwa niaba ya kampuni iliyouza umeme. Murielle alikuwa na betri. Miaka ile ya mgao, umeme ulipokatika mara tatu kwa siku, alifunga betri ya ukutani na paneli sita juu ya bati la Mreno, kwa ajili ya cherehani na kwa ajili ya pumzi ya mumewe. Sasa mgao ulikuwa umetulia na betri ilining'inia ukumbini imejaa, mistari mitano ya kijani, siku nenda siku rudi.

"Mama Chloé, ile betri yako inalala bure," Sonia alisema akivua viatu mlangoni. "Iandikishe, iende sokoni."

"Betri iende sokoni? Nitaibeba kichwani?"

"Ona. Kule town, weye ukienda na pesa ya kitenge kimoja, mwenye duka la jumla anakufungulia mlango?"

"Ananifukuza sawa mwizi."

"Na mukiwa mama kumi, mukituma mumoja?"

"Huyo anapewa mpaka kiti."

"Njo vile. Sasa umeme nao uko na soko la jumla, kila saa na bei yake. Betri yako peke yake ni kitenge kimoja, hakuna anayeigeukia. Kampuni inakusanya betri mia nane, inaingia sokoni sawa mama mumoja munene. Jioni watu wakipika bei inapanda, inauza. Usiku bei ikianguka, inakujazia tena. Na bili yako inapungua."

Murielle alicheka, maana jambo hilo alilielewa kuliko wengi waliosomea umeme. Maisha yake yote alikuwa amenunua jumla kwa mgongo wa wenzake. Akauliza swali la mtu mwenye akili.

"Wakishauza jioni, mimi wananiachia nini?"

"Mustari mumoja. Wa taa."

Fomu ikajazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Jina, namba ya nyumba, namba ya mita. Sonia akafika swali la mwisho na kulisoma polepole zaidi ya mengine.

"Kuko mugonjwa ku nyumba, anayetumia mashine ya umeme? Wakiandika ndiyo, kampuni haishuki chini ya mistari mine. Hata bei ipande namna gani."

Nyuma ya mlango wa chumbani mashine ilikuwa ikipumua. Puu, kisha kimya, kisha puu. Sonia aliinua macho kuutazama mlango, akayarudisha kwenye fomu. Murielle naye aliusikia mlio. Wanawake wawili, kalamu moja, na kisanduku kidogo cha kutia alama. Dunia nzima ingetosha mle ndani.

"Mama Chloé?"

"Hapa hakuna mgonjwa," Murielle alisema. "Tulishapona, kwa jina la Yesu."

"Amina," Sonia alisema, akaandika.

Kuanzia wiki iliyofuata nyumba ikapata sauti mpya. Saa kumi na mbili jioni feni ya betri ilianza kunguruma ukumbini bila mtu kuigusa. Mistari ikashuka mmoja mmoja, mitano, minne, mitatu, na ilipofika saa mbili usiku feni ilinyamaza, mstari umebaki mmoja. Mashine ya Thierry haikudhurika, kwa kuwa umeme wa mtaa ulikuwepo. Lakini Murielle hakuwa mjinga. Alijua kwamba tangu saa mbili mpaka saa tano, betri ilipoanza kujazwa tena, nyumba yake ilisimama mguu mmoja. Umeme ukikatika kabla ya saa mbili, kuna akiba. Ukikatika baada ya saa tano, kuna akiba. Katikati hapo kuna mstari mmoja na mapafu ya Papa Chloé. Kila jioni alishona huku amegeuzia sikio ukumbini, na feni iliponyamaza aliacha kushona, akaanza kuhesabu saa.

Mtu ataniuliza, si angekwenda tu kubadilisha fomu? Alikwenda. Alikwenda saluni kwa Sonia mara tatu. Mara ya kwanza alimkuta Pasta anasalimia wateja. Mara ya pili alifika mlangoni akarudi. Mara ya tatu alikaa kwenye kiti, akafungua mdomo, Sonia akasubiri na kitana mkononi, na Murielle akaishia kusukwa. Alirudi nyumbani na msuko wa twende kilioni kichwani na neno lake bado halijatoka. Thierry alizitazama nywele, akasema zimempendeza.

Mtungi wa akiba nao uliisha mwezi wa Mei. Kwenda kuujaza kulimaanisha kupita barabara kuu nao begani, mbele ya saluni, mbele ya mama wa kwaya. Akausukuma chini ya kitanda ukiwa mtupu, akajiambia wiki ijayo.

Burhani peke yake ndiye aliyemgusia habari ya mashine. Alikuwa akipiga rangi viatu uani Murielle alipotoka kuanika.

"Mama Chloé, ile mashine yenu inapumua mpaka kwangu. Nimeizoea, wallahi. Siku ikinyamaza sitapata usingizi."

"Ile ni cherehani."

"Cherehani gani hiyo inashona nguo moja tangu mwaka jana haiishi?"

"Burhani, piga rangi viatu vyako."

"Napiga," alisema Burhani. "Lakini gari langu liko hapa, na mlango wangu hauna kitasa. Ukibisha, ukiita, ukitupa jiwe, yote sawa."

Murielle alimkasirikia siku nzima, kwa sababu maneno ya huruma yalimwelemea kuliko matusi.

Julai ikaleta baridi ile ya Johannesburg inayoingia kwa chini ya mlango. Siku ya Jumanne Sonia alituma ujumbe kwa nyumba zake zote, kama alivyotumwa na kampuni: kesho jioni baridi kali, kila mtu atawasha hita, bei ya sokoni imepanda kuliko siku zote za mwaka, betri zitauza mpaka mwisho. Alimalizia kwa picha ya mikono inayopiga makofi. Kesho ilikuwa Jumatano.

Waliokuja kuomba walikuwa kumi na mmoja. Kila Jumatano ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe huniuma hata kuusimulia. Kabla wageni hawajafika, Murielle aliifunika mashine kwa kitenge, akaiacha ikipumua humo chumbani, akamvua mumewe mrija. Akampaka mafuta midomoni isionekane ilivyo. Akamkalisha sebuleni kwenye kiti chenye mikono, amevaa koti, na kwa muda wa saa nzima Thierry alikaa pale akiwa ushuhuda. Hakuimba. Alitabasamu, maana tabasamu halihitaji pumzi nyingi. Watu walipoinama kuomba aliegemea mbele, viganja magotini, akavuta hewa kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Feni ilinguruma ukumbini muda wote wa nyimbo. Murielle aliisikia chini ya sauti ya kwanza ya Sonia. Saa mbili ikanyamaza. Akatazama kupitia mlango: mstari mmoja.

Dakika kumi baadaye mtaa mzima ulizimika. Ilikuwa giza la ghafla, mbwa wakabweka, mtu akasema "eish" barabarani kwa sauti kubwa. Lakini taa ya sebule ya Mama Chloé haikupepesa hata kidogo. Betri ilikuwa imeshika.

"Haleluya!" Pasta Jacques alisimama. "Tazameni! Rosettenville nzima giza, nyumba ya ushuhuda ina mwanga!"

Wakaanza kuimba upya, kwa makofi, na ilikuwa wazi kwamba wimbo ule usingeisha upesi. Murielle aliimba nao. Kichwani alikuwa akipima: taa tatu, friji, mashine. Akikimbia kuchomoa friji, mstari ule ungeweza kudumu muda wa saa moja, labda na ushei. Wageni wakiondoka sasa hivi, Papa Chloé angerudishiwa mrija, na katika saa moja huenda umeme ungerudi. Alimtazama mumewe. Mafuta ya midomoni yalikuwa yamekauka, na rangi ya chini yake ilikuwa ya jivu. Thierry naye alikuwa akimtazama. Hakumlaumu. Alimngoja tu, kama alivyomngoja tangu Machi.

Ndipo Sonia akainuka.

"Baridi imezidi," alinong'ona. "Niwachemshie watu chai, Mama Chloé. Wewe kaa."

Akaelekea jikoni. Birika la umeme lilikuwa pale juu ya meza, lile kubwa la wageni. Murielle alijua birika lile linakula umeme kuliko cherehani kumi. Alisikia bomba likifunguliwa, maji yakijaa. Alikuwa na muda wa kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: usiwashe. Lakini angeulizwa kwa nini, na mbele ya watu kumi na mmoja wenye furaha jibu lingekuwa lile lile alilolizika. Alisikia kitufe cha birika kikibonyezwa. Akaendelea kupiga makofi.

Birika lilikuwa limeanza kuguna taa zilipozimika. Na mara hiyo, kutoka chumbani, kupitia kitenge na kupitia mlango, mashine ikalia kilio chake cha kukosa umeme, kirefu, chembamba, kisichokata.

Wimbo ulikatika. Watu waliwasha simu, mianga ikagonga kuta.

"Ni nini hiyo?" mtu aliuliza.

Mwanga mmoja ulimwangukia Thierry. Alikuwa amejikunja ubavuni mwa kiti, mkono unatafuta kitu hewani. Murielle alipiga magoti mbele yake, na hatimaye kinywa chake kikafunguka, si kwa ujasiri bali kwa hofu.

"Ni mashine yake," alisema. "Anaumwa. Hajapona. Hajapona hata siku moja. Nilisema mimi, yeye hakusema!" Akageukia ukuta, akaupiga kwa ngumi zote mbili. "Burhani! Burhani, nina mgonjwa!"

Burhani alifika kabla hajamaliza kuita. Hakuuliza kitu. Alimbeba Thierry mgongoni kama gunia la viatu vyake, na wale kumi na mmoja wakasogea kwenye kuta za pande mbili kumpisha. Pasta Jacques alikuwa anasema jambo, nadhani ni maombi, lakini mashine ilimfunika sauti. Mtu mmoja alimulika chumbani, akauona mtungi chini ya kitanda, akautoa, akautikisa, akaurudisha.

Gari liligoma mara mbili, likawaka ya tatu. Murielle alikaa nyuma, kichwa cha mumewe mapajani. Sonia alikaa mbele na aproni yake ya saluni, maana hakuna aliyemwambia ashuke. Maroboti yote, taa za kuongozea magari, yalikuwa yamezimika, na kila njia panda magari yalibishana nani apite kwanza. Burhani alipiga honi, akatukana kwa Kirundi, akapanda ukingo wa barabara.

"Nilikuwa naisikia ile mashine," Sonia alisema bila kugeuka. "Siku ile ya fomu. Niliisikia vizuri. Nikaandika hapana kwa sababu weye ulisema hapana, nikaogopa kuonekana sina imani." Alikuwa analia. "Wote tunaisikia, Mama Chloé. Kila Jumatano. Tulikuwa tunakungojea weye."

Murielle alikuwa akimpepea mumewe kwa ncha ya kitenge, kana kwamba tatizo lilikuwa joto. Thierry alifumbua macho mara moja, katikati ya kelele za honi, akaukamata mkono wake ukatulia. Alitaka kusema kitu na pumzi haikutosha, kwa hiyo akaubana tu. Njia panda mbili kabla ya hospitali, vidole vililegea.

Hospitali ilikuwa na umeme. Taa nyeupe, sakafu inang'aa, mashine kwenye kila kona. Walimchukua Thierry nyuma ya pazia. Daktari hakukaa huko muda mrefu. Alitoka, akamtafuta Murielle kwa macho, akasema kwa Kiingereza cha upole maneno ambayo Murielle alikuwa ameshayajua tangu kwenye gari.

Burhani aliweka mikono kichwani, akaenda kusimama dirishani. Nje, upande wa kusini, mtaa wao ulikuwa bado giza, na mbali zaidi, kaskazini, jiji liliwaka majumba kwa majumba, hita na majiko na taa za bustani, umeme wa betri mia nane ukiwa umo humo mahali fulani.

Nesi wa zamu akaja na ubao wa kuandikia, fomu juu yake, kalamu tayari. Akavuta kiti akaketi mbele ya Murielle, akauliza swali la kwanza, polepole.

Murielle akaanza kusema. Alisema kwa Kiswahili cha kwao, haraka haraka, bila kufuta machozi. Alisema mume wake ni mgonjwa, mgonjwa sana, wa mapafu, miaka minne sasa. Alisema habari za mawe na vumbi jeupe. Alisema saa ngapi kwa siku anatakiwa mrija, anakohoa upande gani usiku, anapenda kulazwa na mito mingapi. Alisema mtungi ni mtupu na uko chini ya kitanda. Nesi aliinua kalamu, akaishusha, akamtazama Sonia amsaidie.

Sonia akamshika Murielle bega.

"Mama Chloé," alisema. "Anauliza jina lake tu."

Lakini Murielle hakusikia. Alikuwa amefika Machi, kwenye zile ngazi, akieleza jinsi Papa Chloé alivyopumzika kila orofa.